Mrumi wa Darasa la Sita B

Nawaombeni msinikabe koo. Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, na kama mmewahi kuishi ndani yake, hilo ni lenu, si langu. Iko kaskazini kabisa mwa Afrika, bahari mbele, jangwa nyuma, na jina lake ni Jamhuri ya Tamrasa. Ni nchi tulivu kuliko zote, kwa sababu haina jana.

Zamani ilikuwa nayo. Lakini miaka ishirini na minne kabla ya kisa hiki, Bunge lilipitisha kwa makofi Sheria ya Yaliyopita Si Ndwele, ambayo wananchi, kwa kufupisha, waliiita Si Ndwele. Sheria ilisema kwamba lolote lililotokea kabla ya siku ile halikutokea, na atakayeuliza habari zake ataulizwa yeye. Vitabu vya shule vikachapwa upya. Ukurasa wa kumi na mbili, Warumi wanajenga mabirika na viwanja vya michezo. Ukurasa wa kumi na tatu, Bunge linapiga makofi. Katikati hapakuwa na kitu.

Katika mji mdogo wa Bir Zafrani aliishi Inspekta Lunis Hamduni, mpelelezi wa kesi za mauaji. Kwa miaka kumi na minane ya utumishi hakuwahi kumkamata muuaji hata mmoja, na kwa rekodi hiyo safi alipandishwa cheo mara tatu. Msidhani alikuwa mjinga. Akili zake zilikuwa kali, na kwa ukali huo alijua mahali pa kuzisimamisha. Tatizo lilikuwa mwili, ambao haukukubaliana naye. Hakuweza kukaa kitini dakika tano. Chai yake ya nanaa ilimpolea mezani kila siku, maana aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akavua kofia, akaivaa tena. Mkewe alisema ana siafu kwenye soksi. Daktari alisema ni tumbo.

*

Jumanne moja asubuhi tingatinga lilikuwa likichimba mbele ya jengo la wilaya. Ilitakiwa chemchemi yenye taa za rangi saba, kwa kuwa Mheshimiwa Rais alitarajiwa kupita juu ya mji kwa ndege, na huenda angetazama chini. Jengo lenyewe, kabla halijawa la wilaya, halikuwa chochote; ndivyo ilivyoandikwa. Lakini wazee wa mji, wakifika hapo, walivuka barabara wakapita upande wa pili, na hakuna aliyewauliza kwa nini.

Dereva wa tingatinga, jamaa mmoja mnene aitwaye Salah, alizima injini akashuka, akakaa chini kwenye udongo. Inspekta akaitwa.

Lunis aliteremka shimoni. Kulikuwa na mifupa ya mtu mmoja, imelala kifudifudi. Mikono ilikuwa nyuma, imefungwa kwa waya. Kisogoni fuvu lilikuwa na tundu, duara safi, la kuingia kokwa ya zeituni.

"Huyu kauawa, afande," alisema Salah kutoka juu.

"Kimya. Wewe ni wa tingatinga."

Hata hivyo alitoa daftari akaandika "Mauaji". Ndipo akaiona saa. Ilikuwa saa ya mkono, ya chuma, imeteleza mpaka kwenye vifupa vya vidole. Aliishika kwa leso, akaigeuza, akaisugua mgongo wake. Maneno yalikuwa yamechongwa: *Kwa Mwalimu Anwar, kutoka Darasa la Sita B.*

Lunis aliijua saa ile, kwa maana aliikabidhi yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mfupi kuliko wote darasani, na wenzake walimchagua ili mwalimu alazimike kuinama. Mwalimu Anwar Zaruq aliinama kweli, akaivaa hapo hapo, akasema sasa hata wakichelewa dakika moja atajua. Wiki mbili baadaye hakuja shuleni. Mwalimu mkuu aliingia darasani akitazama ubao, akasema Mwalimu Anwar amekwenda Ulaya kutafuta maisha. Bila hata kuaga! Lunis aliumia kuliko siku aliyofiwa na babu yake. Alichukua msumari akakwaruza kwenye dawati, "Anwar msaliti", na kwa miaka thelathini kila aliposikia mtu kasafiri alisonya.

Na kumbe mtu mwenyewe hakusafiri hata hatua mia nne kutoka shuleni.

*

Kutoka mji mkuu hadi Bir Zafrani ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Profesa Shakiri Tabbani, Mkurugenzi Mkuu wa Malikale za Taifa, alifika kwa saa moja na nusu, koti la suti juu ya shati la kulalia. Hakushuka shimoni. Alisimama mbali, mikono mfukoni, akatangaza:

"Mrumi."

"Hujamtazama, Sidi Profesa," alisema Lunis.

"Nina miaka ishirini na minne katika fani hii, Inspekta. Mrumi namjua kwa harufu." Kisha akamgeukia Salah. "Chimba upande wa barabara tu. Upande wa ukuta usiguse. Wale wengine waache walale."

"Wengine gani?" aliuliza Lunis.

Profesa alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, na ilikuwa safi tangu mwanzo. "Warumi," alisema, "hawakuwa watu wa kufa mmoja mmoja."

 Lunis alipanda juu, akazunguka shimo mara tatu, akazunguka tingatinga, akarudi pale pale. Neno lile lilikuwa limeingia sikioni mwake na halikutaka kutoka, kama mbu.

*

Wiki hiyo hiyo iliundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuthibitisha Urumi. Wajumbe walikuwa tisa, na wanane kati yao walikuwa wanakubaliana kabla ya kufika. Wa tisa alikuwa kiziwi. Walikutana ukumbini wakapitia vielelezo kimoja kimoja kwa utulivu wa kitaalamu.

Kuhusu waya: ni bangili ya pamoja, urembo uliopendwa na vijana wa Kirumi. Kuhusu tundu la kisogoni: ni tiba ya kuumwa kichwa, na yaonekana ilifaulu, maana mgonjwa hakulalamika tena. Kuhusu saa walikaa siku mbili. Mjumbe mmoja alithubutu kusema Warumi hawakuwa na saa za mkono. Profesa akamwuliza kama yeye aliwahi kukutana na Mrumi. Hajawahi. Basi ikaandikwa kwamba teknolojia ya Warumi wa Tamrasa iliitangulia dunia, jambo ambalo ni fahari kwa taifa. Na yale maneno mgongoni? Yalimhusu Anwarius, mwalimu wa karne ya pili.

"Na Darasa la Sita B?" aliuliza Lunis, aliyealikwa kuwakilisha polisi na alikuwa amesimama mlangoni kwa kuwa kiti kilimshinda.

"Jeshi la Sita, kikosi cha B," alijibu Profesa. "Inspekta, taarifa ikishachapwa utatia sahihi. Nasikia una rekodi nzuri. Usiiharibu."

Wajumbe wakapiga makofi. Lunis akatoka nje. Miguu ilimpeleka yenyewe mpaka mtaa wa Wafinyanzi, kwenye mlango wa buluu ambao aliukwepa tangu utoto.

*

Pale aliishi Lalla Tasadit Zaruq, dada yake Mwalimu Anwar. *Lalla* ni heshima wanayopewa wanawake wa kule, kama Sidi kwa wanaume. Alikuwa na miaka sabini, mwembamba, mkavu wa maneno. Alimfungulia Lunis akiwa na unga wa kuskus mikononi, akamtazama usoni, kisha kwenye sare.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

Lunis alivua kofia. Alitaka kusema ya maana, akasema, "Alikuwa amevaa saa yetu, Lalla."

Mama yule alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akaingia ndani, akatoka na bunda la kadi za posta zilizofungwa kwa utepe. Zilikuwa ishirini na tisa. Kila Idi ilikuja moja: minara ya Ulaya, madaraja ya Ulaya, njiwa wa Ulaya.

"Soma ya kwanza."

Lunis alisoma kwa sauti. "Talehe mbili. Dada mpendwa, mimi mzima, kazi nyingi, usinisubili. Nduguyo Anwar."

"Soma tena kama ulivyofundishwa."

Alisoma tena, na safari hii aliyaona. *Talehe. Usinisubili.* Mwalimu Anwar! Mtu aliyewahi kumrudisha Lunis nyumbani na daftari zima kwa ajili ya herufi moja. Mtu aliyesahihisha mabango ya wauza nyama kwa chaki yake mwenyewe.

"Siku hiyo nilijua kaka yangu amekufa," alisema Lalla Tasadit. "Na nilijua aliyeandika hajui r wala l."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Alifunga utepe upya. "Wewe umekuwa polisi miaka kumi na minane, mwanangu, mitaa miwili kutoka hapa. Ulipita mlango huu ukitazama viatu vyako. Ningemwambia nani? Paka?"

 Lunis aliomba kadi moja. Alipewa mbili.

Aliporudi kituoni, taarifa ya Kamati ilikuwa mezani ikingoja sahihi. Ilikuwa imechapwa vizuri, bila kosa. Kuna makatibu nchini Tamrasa. Lakini chini kabisa, Profesa alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: *Imethibitishwa nami, talehe tisa.* Lunis aliweka kadi kando ya karatasi. T ile ile yenye kofia ya kulalia upande. Mkia ule ule wa e. Mbu akatoka sikioni. Kumbe ndiyo maana Profesa alijua kuna wengine.

*

Sasa, mtu mwingine angekwenda kumkamata. Lakini kumkamata kwa lipi? Mauaji yalifanyika miaka sita kabla ya Si Ndwele, kwa hiyo hayakufanyika. Mpelelezi ambaye angelitamka jina la Mwalimu Anwar mbele ya hakimu angelala yeye korokoroni. Lunis alitembea ofisini mwake kutwa nzima mpaka askari wa chini wakaanza kuwekeana dau ataingia ukuta upi. Kisha akafungua kabati, akachukua kitabu cha Sheria ya Malikale, akasoma mlangoni, akasoma ngazini, akasoma akizunguka uwanja. Alipomaliza, alitia sahihi.

"Huyu ni Mrumi," aliandika. "Naomba sheria ifuatwe."

Profesa alifurahi, maana sheria ile aliitunga mwenyewe, kwa mapenzi ya watalii. Ilisema Mrumi akipatikana na mifupa yake yote ataachwa hapo alipo, chini ya kioo, na wananchi watamtazama bure kila Ijumaa. Ilisema hatahamishwa wala kuguswa milele. Kioo kikaletwa, kibao kikasimikwa: ANWARIUS, MWALIMU, KARNE YA PILI. Inspekta Hamduni akapewa jukumu la kumlinda.

Ijumaa ya kwanza walikuja watu wanne. Zinedi muuza mikate, Hafsia nesi, fundi baiskeli mmoja na karani wa posta. Wote walikuwa wa Sita B. Walisimama kando ya kioo na vifurushi vyao mikononi. Zinedi alisoma kibao, akainama kuitazama saa, akaanza kulia kama mtoto, na mkate wake ukaanguka.

"Alitusahihisha mpaka tukamchukia," alisema Hafsia. "Mimi nilimlaani, Lunis. Nilisema na bahari immeze."

"Na mimi nilikwaruza dawati," alisema Lunis.

Ijumaa ya pili walikuja mia. Ya tatu barabara ilifungwa. Walimsomea Mrumi Fatiha, Mrumi mpagani wa karne ya pili! Wizara ilishtuka. Ukatoka Waraka Namba Arobaini: *Ni marufuku kulilia malikale isipokuwa kwa jamaa wa karibu wa malikale husika, baada ya kujaza fomu.*

Mwenye kuandika waraka ule alidhani kafunga mlango. Jumatatu asubuhi Lalla Tasadit alikuwa wa kwanza dirishani. Palipoulizwa jina la Mrumi aliandika Anwarius. Palipoulizwa uhusiano aliandika: dada. Karani aliitazama fomu mbele na nyuma. Ilikuwa na sehemu ya kupiga mhuri, haikuwa na sehemu ya kukataa. Akapiga mhuri.

Habari ilienea kama moto wa makuti. Wiki hiyo mama mmoja kutoka milimani aliomba fomu ya mwanawe, Mrumi, fundi umeme. Mzee mmoja alikuja kuulizia mkewe, Mrumi, aliyechukuliwa akianika nguo. Walikuja wenye Warumi wanafunzi, Warumi makuli wa bandarini, Mrumi mmoja mpiga zumari. Dirisha la wilaya lilikuwa na foleni mpaka sokoni, na kila mtu katika foleni ile alikuwa na picha kwapani. Nchi nzima ikagundua kwamba ina ndugu Warumi, na wote walitaka kujua wamelala wapi.

*

Profesa alikuja mchana kweupe, na lori na sanduku la mbao. Alisema malikale imepata unyevu, inapelekwa mji mkuu kukarabatiwa.

Lunis alisimama mbele ya kioo. Watu walikuwa wamejaa; ilikuwa Ijumaa. Hakuwa mtu shujaa, na alikijua cheo cha aliye mbele yake.

"Hahamishwi, Sidi. Kifungu cha saba. Umeandika mwenyewe."

"Ondoka njiani, Hamduni."

"Nina swali moja la utafiti. Kwa nini hukuweza kuandika *tarehe* kwa miaka thelathini?" Akainua kadi ya posta.

Profesa aliitazama. Uso wake ulibadilika, ila hakuogopa. Alikasirika, kama mtu aliyekanyagwa kidonda. Na nadhani hata yeye alikuwa amechoka kunyamaza, maana alicheka, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye lori.

"Unataka nini? Nikiri? Nakiri! Nilikuwa kapteni ndani ya jengo hili. Walimu waligoma, akaletwa. Nilimwandikia maelezo yake kwa mkono wangu, kurasa tatu, atie sahihi tu aende zake. Mnajua alifanya nini? Aliomba kalamu, akanisahihisha! Mbele ya askari wangu! Makosa kumi na saba, akayapigia duara, akanirudishia bila sahihi. Askari wakacheka." Alitweta. "Nikampiga risasi mimi mwenyewe, kisogoni, pale ukutani. Haya. Mtanifanya nini? Yaliyopita si ndwele!"

 Lalla Tasadit alikuwa safu ya mbele. Alifumba macho, akayafumbua.

Lunis alifungua kitabu. Akasoma kwa sauti.

"Sheria ya Malikale, kifungu cha tisa. Yeyote aliyetoboa, kuvunja ama kuharibu malikale ya taifa, kwa chombo chochote, wakati wowote ule, atafungwa miaka kumi. Profesa Tabbani, umekiri mbele ya mashahidi mia tatu kwamba umetoboa fuvu la Mrumi."

"Mjinga wewe! Huyo si Mrumi!"

"Sahihi yako iko hapo chini. Kama si Mrumi, ni nani?" Lunis alimsogelea. "Mtaje, Sidi. Mtaje jina."

Profesa alifungua kinywa. Kumtaja ni kusema alikuwapo, na kusema alikuwapo ni kuvunja Si Ndwele, ambayo adhabu yake haikuwa kumi bali ishirini. Alifunga kinywa. Pingu za Lunis, ambazo hazijawahi kutumika, zilikuwa na kutu, na ilibidi Salah alete mafuta ya tingatinga.

*

Kesi ilikwenda kwa adabu zote. Kwa kuharibu Mrumi, miaka kumi. Kwa kumwua Mwalimu Anwar Zaruq, hakuna, kwa kuwa hakuuawa mtu. Wizara ya Malikale ilitoa hotuba kuhusu uchungu wa taifa kwa Warumi wake. Inspekta Hamduni alishushwa cheo kwa kuchafua rekodi, akapewa uhamisho kwenda kituo cha mpakani ambako mpaka wenyewe haujaamuliwa.

Lalla Tasadit aliomba mifupa akaizike. Akajibiwa kwa barua ya heshima kwamba malikale hazizikwi, kifungu cha saba.

"Umemfunga muuaji kwa sheria ile ile inayonizuia nisimzike ndugu yangu," alimwambia Lunis. Hakumwambia kwa ukali, na hilo lilimchoma zaidi. "Amelala pale uchi, mwanangu. Watu wanamtazama mbavu."

Lunis hakulala usingizi wa maana siku nne. Ijumaa yake ya mwisho kazini alikuja mapema, akamkuta mama yule tayari amefika, na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na udongo wa uwanja wa shule.

"Sheria inasema asiguswe," alisema Lalla Tasadit. "Inasema nini kuhusu kioo?"

Lunis alikipitia kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, akiwa amesimama.

"Haisemi kitu."

Basi mama yule akachota kwa mkono wa kulia, mara tatu, akamwaga udongo juu ya kioo, na kwa midomo akasema yale yasemwayo makaburini. Akafuata Zinedi, akafuata Hafsia. Akafuata mama wa fundi umeme, na mzee wa yule aliyechukuliwa akianika nguo. Salah alileta udongo kwa beleshi. Mbavu zilitoweka, kisha saa, kisha kibao cha karne ya pili, na kufikia alasiri pale mbele ya jengo la wilaya palikuwa na tuta la kaburi kama makaburi mengine yote ya Waislamu.

Imamu, kijana aliyezaliwa baada ya Si Ndwele, alinyanyua mikono aombe dua. Akasita.

"Marehemu anaitwa nani?"

Watu walitazama chini. Askari mpya, aliyekuja kupokea zamu ya Lunis, alikuwa hatua tatu tu, kitabu cha kuandikia majina mkononi.

"Anwar Zaruq," alisema Lunis. "Mwalimu wa shule ya Bir Zafrani. Aliuawa."

Askari yule aliinama haraka kufunga kamba za kiatu chake, akazifunga kwa muda mrefu sana, mpaka dua ikaisha. Viatu vyake havikuwa na kamba.